Sanamu ya Jirani na Konde la Kengele

Jumapili, 4 Mei

Habari njema! Kubwa! Naandika nikiwa bado na suti ya misa.

Mwalimu Considine ametangaza leo nje ya kanisa kwamba anatafuta mtu wa kulishia ng'ombe Konde la Kengele. Yule bwana wa parokia ya pili aliyekuwa akilitumia amesalimu amri, magoti hayamwezi tena. Mwalimu mwenyewe ni bibi wa miaka themanini na ushei. Alitufundisha sote kusoma na sote bado tunamwogopa. Kasema Jumapili ya kwanza ya Juni, misa ikiisha, atatembelea majirani zake ajionee majani yao. Mwenye majani yatakayompendeza ndiye atakayepewa konde, akae nalo maisha.

Majirani wa konde hilo ni wawili tu. Mimi, Colman Tuohy, mfugaji makini, mwenye maono. Na Dinny Hackett.

Lo, Konde la Kengele! Halijaguswa na plau tangu enzi za babu yake Mwalimu. Majani yamefumana chini kama blanketi. Marehemu baba alikuwa akiegemea lango lake kila Jumapili jioni na kiko chake mdomoni, anatazama tu, hasemi kitu. Akirudi nyumbani hali chakula. Nalitaka konde hilo kwa ajili yake mzee. Na kwa ajili yangu pia, sitadanganya.

Dinny alinishika bega akaniambia nisijisumbue bure, heri nikatafute shati la harusi. Binti yake Dervla anaolewa Jumamosi. Nikacheka naye. Moyoni nilishaanza kupanga.

Silaha ninayo. Konde la Mbele, lile linalotazama barabara! Mwezi uliopita nililipindua lote kwa plau, nikamwaga mbegu mpya za raigrasi. Ng'ombe akiyala majani hayo leo, wiki ijayo yameinuka tena, na yakishika ardhi yameshika, unawaachia hata wajukuu. Mfuko wa mbegu una picha ya ng'ombe anayetabasamu. Dada yangu Nuala, ninayeishi naye tangu mumewe afariki, alisema majani ya zamani hayakuwa na kosa lolote, mbona nayachokoza. Haraka haraka haina baraka, akasema. Nikamjibu kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo. Akarudi jikoni. Nadhani nilimshinda kwa hoja.

Kwa sasa konde ni udongo mtupu. Inabaki mvua tu.

Jumatatu, 5 Mei

Jua.

Hakuna hata wingu. Tangu Pasaka hakujadondoka tone, na hii ni Tipperary! Kwetu mvua haiombwi, tunaiombea iende zake. Mbegu zangu zimelala vumbini. Kunguru wameshajua. Wanatembea kwenye mistari kwa adabu kama wazee wanaokwenda kupokea komunyo, wanadonoa.

Nikasimamisha kinyago cha kuwafukuza. Nikakivika koti la zamani la Nuala na kofia yake ya mazishi. Kilitoka kizuri kupita kiasi. Dinny alipita na trekta, akakipungia mkono, akapunguza mwendo, akakisalimia. Jioni mkewe Philomena akapiga simu kumwuliza Nuala wamemkosea nini, maana Dinny kamwamkia vizuri na yeye kauchuna.

Nuala alitaka koti lake lirudi papo hapo. Kofia kunguru walishaanza kuikalia.

Siagi ya leo ilikuwa tamu ajabu. Nilikula mkate wa kahawia vipande vinne na yai. Mtu hawezi kupanga vita akiwa na njaa.

Jumatano, 7 Mei

Nimegundua! Nimegundua kwa nini hainyeshi!

Nilikwenda ng'ambo ya barabara kumrudishia Dinny nyundo yake (aliiacha kwetu mwaka juzi, nilitaka kuchungulia majani yake). Hapo langoni, chini ya ua wa miiba, nikamkuta Mtoto wa Praha. Sanamu ya Mtoto Yesu, kajoho kekundu, taji kichwani, kidole juu. Ukiwa na harusi unamtoa nje, unamweka chini ya ua, siku ya harusi jua linawaka. Hilo kila mtu analijua. Nuala mwenyewe alimtoa alipoolewa, na ilikuwa Februari, na watu walivua makoti.

Lakini watu wenye adabu humtoa usiku mmoja kabla! Nilimwuliza Philomena amemtoa lini. Akasema tangu Pasaka, ili awe na uhakika.

Tangu Pasaka! Huo ni ulafi wa jua. Wananifungia mbingu kwa ajili ya picha za harusi, na mimi mbegu zangu zinaungua. Na Mwalimu anakuja Juni mosi.

Nilimweleza Nuala. Akaniuliza kama nimekunywa. Akasema nikithubutu kuigusa harusi ya mtoto wa watu, nitapika mwenyewe mpaka Krismasi. Nikamwambia sikusema naigusa. Kweli sikusema.

Alhamisi, 8 Mei

Nimemwazima. Kuazima si kuiba.

Alasiri Wahackett wote walikwenda kanisani kufanya mazoezi ya harusi. Nilipita na toroli, nikamwomba Mtoto radhi, nikafanya ishara ya msalaba, nikamfunika kwa gunia. Njiani nikakutana na mtu wa posta. Akauliza nimebeba nini. Nikasema viazi vya mbegu. Akasema viazi vya mbegu, mwezi Mei? Nikasema vimechelewa. Akakubali, ila aliondoka akigeuka nyuma.

Nimemficha bandani mwa Solomoni, chini ya nyasi kavu. Solomoni ni punda wa Nuala. Hafanyi kazi yoyote. Kazi yake ni kuzeeka katika Konde la Punda, kile kikonde cha nyuma ambacho baba alimrithisha Nuala, nami sikioni kama kina maana. Hakuna mtu anayekwenda huko. Mahali salama kabisa.

Jioni upepo umegeuka. Unatoka magharibi. Nimenusa.

Ijumaa, 9 Mei

Mvua! Mvua! Mvua!

Ilianza wakati wa kukamua. Laini, ile isiyopiga kelele, inayoingia ardhini kwa hodi. Nilisimama katikati ya Konde la Mbele bila kofia, nikafungua mdomo. Kunguru wameondoka. Nilirudi nikiimba. Nuala akasema ama nina homa ama nina siri.

Nilikwenda kumshukuru Mtoto. Nikafukua nyasi.

Hana kichwa.

Solomoni alikuwa amesimama pembeni anatafuna, macho kwingine, kama hamjui. Kwato zake zimemsaliti. Kichwa kilikuwa kimebingirika mpaka chini ya hori, taji na yote, kinatabasamu. Mama alikuwa akituambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Safari hii nimesikia kidogo tu na kimevunjika kichwa, na si changu.

Lakini nimekumbuka: bibi zetu wote walisema Mtoto aliyekatika kichwa ana nguvu zaidi, ilimradi kikatike chenyewe, usikikate wewe. Sikukikata. Punda si mimi.

Mvua imezidi kidogo. Ni sawa.

Jumamosi, 10 Mei

Si sawa.

Nimeamka nikasikia mto. Hatuna mto. Ilikuwa Konde la Mbele likiteremka barabarani. Maji yalikuwa yakikata mifereji, yanabeba udongo na mbegu zangu, yanavuka lami, yanaingia kwa Dinny langoni, yanatulia hapo kana kwamba yamealikwa. Nilikimbia na koleo. Ungeniona ukaniuliza nataka kuzuia nini kwa koleo. Mbegu za raigrasi zinaelea, hilo sikuwa nalijua.

Nuala alinifuata kwa mwavuli. Akatazama mvua, akatazama upande wa ua wa Hackett, hakumwona Mtoto mahali pake, akanitazama mimi. Sikusema neno. Yule ni dada yangu mkubwa, hahitaji neno.

Sijawahi kusikia maneno kama yale kutoka kwa mwanamke aliyevaa hereni za lulu tayari kwa harusi. Kwamba mtoto wa watu anaolewa saa sita na atafika madhabahuni kama paka aliyetolewa kisimani. Kwamba baba angeona aibu. Kwamba nimrudishe sasa hivi, mzima!

Mzima. Hapo ndipo pagumu.

Nikaleta ile gundi ninayobandikia kibao kwenye kwato ya ng'ombe anayechechemea. Gundi ya kwato haina mchezo, inashika kabla hujamaliza Salamu Maria. Nikapaka, nikabandika, nikashikilia. Kisha nikamgeuza nimtazame uso.

Nikaona mgongo.

Nilivuta. Nilisokota. Ng'ombe wa kilo mia sita anaitembelea gundi ile miezi miwili, mimi nitaing'oa kwa vidole? Nuala alikuwa akipiga honi uani. Nikamkimbiza Mtoto mpaka kwenye ua wa Hackett, nikamsimamisha vilevile, kifua kimetazama nyumba, uso umetazama kwetu. Nikakimbia.

Nisadiki usinisadiki: Dervla alipotoka kanisani na mumewe, mvua ikakatika na jua likawaka. Watu wakapiga makofi. Philomena akalia. Na mimi nikalia, kwa sababu zangu.

Chakula kilikuwa cha kusifiwa. Nyama ya ng'ombe, mchuzi mzito, viazi vya kuponda na vya kuoka na vya kukaanga katika sahani moja. Nilicheza na Nuala, nikacheza na Mwalimu. Mwalimu aliniambia bado namkanyaga mtu kama nilivyokuwa darasa la tatu. Nikamwuliza kama anakumbuka kuja Juni mosi. Akasema anakumbuka kila kitu, hata nani alimwagia wino rejista.

Nilikuwa mimi. Tulicheka.

Jumapili, 11 Mei

Philomena amekiona kichwa.

Nilidhani nimekwisha. Lakini sikiliza maajabu. Anasema ni muujiza! Jana asubuhi alitoka kumtazama Mtoto akakuta hayupo, mvua inapiga. Aliporudi kutoka harusini akamkuta yupo, na amegeuza kichwa. Anasema Mtoto aliondoka kwenda kuzuia mvua, na aliporudi akageuka kutazama ilikokimbilia.

Parokia nzima imeshapita kumwona. Padri alikuja, akachuchumaa, akatazama shingo kwa muda mrefu, akanusa. Padri alilelewa kwenye shamba la ng'ombe. Aliinuka, akaniona nimesimama nyuma ya watu, akasema Mungu ana njia nyingi na nyingine zinanuka kama zahanati ya mifugo. Kisha akaenda kunywa chai.

Nuala amenisamehe nusu. Chajio nimepewa, ila bila nyama.

Jumanne, 20 Mei

Sina la kusema. Ninalo, tena mengi!

Langoni kwa Hackett, pale ng'ombe wake walipopakanyaga mpaka pakawa matope matupu, pameota majani. Kijani kibichi, laini, sawasawa kama nywele za mtoto mchanga. Yamemzunguka Mtoto wa Praha miguuni. Philomena anawaambia watu wasiyakanyage, ni matakatifu.

Ni yangu! Najua hata jina la mfuko yalikotoka! Ni raigrasi yangu, imevuka barabara kwa miguu ya maji, na sasa inampamba Dinny. Na siwezi kufungua mdomo, maana nitaanzia wapi?

Konde langu la Mbele lina mabaka. Hapa kipara, pale mbigili, katikati mfereji.

Dinny alikuwa ameegemea lango. Kaniambia kwa upole kabisa, "Coley bwana, wengine tunalima kwa plau, wengine tunalima kwa sala." Nikamjibu kuwa ni kweli. Nilitembea mpaka nyumbani bila kuona njia.

Alhamisi, 29 Mei

Jua zuri. Ndege kekeo analia msituni. Dinny anakata saileji, majani ya kuvundika wale ng'ombe wakati wa baridi.

Amekata kila kitu! Makonde yake yote, mpaka chini. Anasema hali ya hewa kama hii ni zawadi ya Mtoto, kuiacha ipite ni dhambi. Nilimwuliza kwa ukarimu kama haogopi Mwalimu atakuta mashina tu. Akasema Mwalimu atakuta lundo la saileji refu kuliko kanisa, na langoni majani ya muujiza, anataka nini zaidi?

Kidogo nimwonee huruma. Kidogo tu.

Maana nimepata wazo. Konde la Mbele lina vipara, sawa. Lakini Mwalimu hatatembea konde zima. Atatembea njia moja, kutoka lango dogo hadi kwenye mti, akapumzike. Njia moja tu ndiyo inayohitaji majani.

Na majani yapo. Yako kwa Solomoni.

Jumamosi, 31 Mei

Mgongo wangu! Mgongo wangu mimi!

Tangu asubuhi nakata Konde la Punda kwa koleo, mapande mapande, majani juu na udongo wake chini, kama unavyokata keki. Nayabeba kwa toroli, nayapanga Konde la Mbele, pande kwa pande, toka lango dogo mpaka mtini. Zulia! Ukisimama barabarani huwezi kujua. Mapande ni mazito ajabu. Mizizi imeshikana hata koleo linalia.

Solomoni alisimama juu ya shimo akanitazama. Nuala naye akaja akasimama karibu yake, akanitazama vilevile. Akasema konde hilo ni lake, kapewa na baba, na kila pande nililotoa nitalirudisha kwa mikono yangu. Nikamwambia baada ya kesho nitarudisha yote. Akasema kuku wa kwake, mbona ninamwinda kwa manati. Sikuelewa, lakini nilikuwa nimechoka.

Nimeoga kwa maji ya moto. Nimekunywa chai vikombe vitatu. Kesho ni siku yangu, baba.

Jumapili, 1 Juni

Naandika taratibu, nisisahau chochote.

Misa iliisha. Mwalimu akaja, na parokia nzima nyuma yake, maana hapa kwetu mtu akikagua majani ya mwenzake hakuna anayekosa. Tulianzia kwa Dinny. Alikuwa ametoa viti. Philomena alikuwa ameoka.

Mwalimu hakukaa kwenye kiti. Alikaa juu ya ukuta, akafungua kamba za viatu, akavua viatu, akavua soksi, akampa Philomena ashike.

Hakuna aliyekuwa analijua hilo! Akasema utotoni mwao viatu vilivuliwa Mei mosi na kuvaliwa tena Septemba, shuleni walikwenda peku, na hajapata kuona macho yanayojua majani kama nyayo. Akaingia kwenye konde la Dinny. Mashina yale mapya ya saileji yakamchoma. Alinyanyua miguu kama kuku kwenye majivu ya moto. Akamwuliza Dinny hapa amenyoa au amechuna.

Dinny akamwahisha langoni, kwenye majani ya muujiza. Mwalimu akatia kidole gumba cha mguu, akavuta. Shungi zima likatoka na mizizi yake, myepesi kama uzi. Akasema haya bado machanga, muujiza ni muujiza lakini ng'ombe ana uzito. Philomena akajifanyia msalaba. Mimi niliumia, maana ni mbegu zangu, na nilifurahi, maana ziko kwa Dinny. Sijawahi kuwa na furaha iliyochanganyika namna ile.

Zamu yangu! Nikamfungulia lango dogo kama bibi harusi. Hatua ya kwanza. Hatua ya pili. Mwalimu akasimama, akafumba macho. Akasema, "Aa, Colman!" Tu. Aa, Colman. Nilimtazama Dinny na Dinny akatazama viatu vyake.

Lakini pale katikati konde linateremka, na chini ya mapande bado kuna ule mfereji wenye tope. Mwalimu alikanyaga pande, pande likaondoka. Na Mwalimu juu yake. Akaketi kitako, mkoba mapajani, akateremka konde zima taratibu, wima, kama malkia kwenye gari lake, mpaka pande likakwama kwenye mbigili.

 Hata kekeo alinyamaza. Niliona Konde la Kengele likienda, nikamwona baba na kiko chake akinipa mgongo.

Kisha tukasikia kitu. Mwalimu alikuwa akicheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, na alipopata pumzi akasema hajateleza hivyo tangu aolewe. Tulipomfikia hakutaka kuinuliwa. Alikuwa akilipapasa lile pande. Akalifunua ukingo, akatazama mizizi yake myeupe iliyofumana. Akasema, "Colman Tuohy, haya hayakuzaliwa hapa. Nipeleke kwa mama yao."

Nikaanza kueleza. Nuala akasema, "Ni ya Solomoni, Mwalimu. Nyuma kule."

Tukaenda wote. Mwalimu akasimama katikati ya Konde la Punda, akachezesha vidole. Mguu ulizama kidogo ukarudishwa juu. Akauliza nani aliyapanda. Nuala akasema hakuna. Ni raigrasi ya zamani, ipo tangu baba, Solomoni anaila, anaikanyaga, anaitia samadi, inarudi yenyewe. Yeye huondoa mbigili kwa mkono na kumwacha punda aendelee. Solomoni akaja akanusa kofia ya Mwalimu, akaing'ata. Mwalimu akamwachia.

Kisha akaona mashimo. Akauliza nani aliyekata vile. Nilitazama juu kuona kama kuna wingu. Hakukuwa na wingu.

Mwalimu akasema basi, ameshaona. Konde la Kengele atapewa Nuala. Sharti ni moja: plau isiingie humo, leo wala kesho, hata akiwa yeye kaburini. Watu wote wakageuka wakanitazama mimi. Sijui kwa nini.

Dinny alikuja kunipa mkono. Akasema hongera Coley, wamekushinda dada yako na punda. Nilimwambia hakuna aliyenishinda, konde liko upande wetu wa ua! Akafikiri kidogo, akasema kweli, akaomba kipande kingine cha pai ya tofaa ya Nuala. Si mtu mbaya, Dinny.

Jioni Nuala alinipa ufunguo wa lango akaniambia nifungue mwenyewe. Niliwaingiza ng'ombe. Walisimama kidogo hawaamini, halafu wakainamisha vichwa wote kwa pamoja, na ile sauti ya majani yakikatwa na ndimi ikajaa konde zima. Niliegemea lango. Nilimkumbuka baba na macho yakanilowa, wala sitasingizia upepo. Nuala akasimama kando yangu, akanipitishia kikombe cha chai. Tuliwatazama ng'ombe mpaka giza likaanza kuingia. Mimi ni mtu mwenye bahati, na leo nalijua hilo.

Jumatatu, 2 Juni

Sikukuu. Siku njema. Tangu asubuhi narudisha mapande ya Solomoni, kama nilivyoahidi. Nimerudisha karibu nusu.

Mchana nilikwenda kulitembelea Konde la Kengele peku, kwa heshima. Konde la ajabu. Sina neno baya. Ila kule kona ya chini, nyuma ya mti wa miiba, majani yamelegea kidogo. Ni ya zamani mno. Fikiria pale pangekuwa na raigrasi mpya! Na mfuko wangu umebaki nusu, ng'ombe bado anatabasamu.

Kona tu. Konde nisingeligusa. Na kona hiyo haionekani kutoka dirishani kwa Mwalimu, nimehakikisha: nilisimama pale nikapunga mikono, hakuna aliyenipungia.

Nuala ameficha ufunguo wa trekta. Uko kwenye pipa la unga, nimeuona nilipokuwa natafuta mkate.

Itahitajika mvua kidogo, na hakuna dalili. Lakini Mtoto wa Praha bado yuko kwenye ua wa Hackett, Philomena hataki kumwingiza ndani, na uso wake umetazama huku kwetu. Alhamisi wanakwenda kuhiji Knock, familia nzima.

Safari hii nitamweka mbali na punda.